Sentimita Mbili kwa Yuro 60: Tathmini ya Huduma ya Begi la Mkononi

Mwezi Machi mwaka huu nilisafiri kwa shirika moja la ndege la nauli nafuu kutoka kaskazini mwa Italia kwenda Hispania, safari isiyofika saa mbili, na kiti changu nilikinunua kwa yuro 31. Nilipoteremka upande wa pili nilikuwa nimelipa yuro 115. Tofauti hiyo yote, yuro 84, ilitokana na begi moja la magurudumu ambalo siku nane kabla lilikuwa limetoka Dar es Salaam katika kabati la juu ya viti la ndege ya shirika jingine, bila mtu yeyote kulitilia shaka. Ninaandika tathmini hii kwa sababu wengi wetu tunaokwenda Ulaya kutoka Afrika Mashariki siku hizi tunasafiri kwa tiketi mbili, moja ya masafa marefu na nyingine ya shirika la nauli nafuu la huko huko, na fedha huvujia pale pale kwenye mshono wa tiketi hizo mbili.

Nianze na yaliyo mema, kwa kuwa ni ya kweli. Ndege iliondoka kwa wakati uliotajwa, viti vilikuwa safi, wahudumu wa ndani walikuwa na adabu, na programu ya simu ya shirika hilo inafanya kazi vizuri kuliko za mashirika makubwa niliyowahi kuyatumia, kwani pasi ya kupandia ndege hufunguka hata pasipo intaneti na taarifa ya kubadilika kwa lango hufika mara moja. Kwa mtu anayesafiri na mkoba mdogo tu, huduma hii ni ya thamani kubwa. Wala sina ugomvi na wazo lenyewe la nauli nafuu. Wengi wetu tulianza kulizoea nyumbani fastjet ilipoanza kuruka kati ya Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro mwezi Novemba 2012, ambapo mtu alinunua kiti peke yake na begi la chini akalilipia kando, na kwa utaratibu huo watu ambao walikuwa hawajawahi kupanda ndege walipanda.

Tatizo linaanzia kwenye vipimo. Hakuna kipimo kimoja cha begi la mkononi kinachofuatwa duniani kote. IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kinatoa mwongozo wa jumla wa sentimita 56 kwa 45 kwa 25, lakini kila shirika hujiwekea kipimo chake. Turkish Airlines inaruhusu sentimita 55 kwa 40 kwa 23 na kilo 8. Qatar Airways inaruhusu 50 kwa 37 kwa 25 na kilo 7. KLM inaruhusu 55 kwa 35 kwa 25, na kilo 12 ukijumlisha na mkoba mdogo. Ukivilinganisha vipimo hivyo kimoja kimoja utaona jambo la kushangaza, kwamba begi lililotengenezwa kwa kufuata sawasawa kipimo cha shirika lolote kati ya hayo matatu linavuka kipimo cha mengine yote mawili. Mwezi Juni 2015 IATA ilijaribu kuleta alama ya pamoja kwa mabegi ya sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Abiria walipoona kwamba mabegi waliyokwisha kuyanunua yangehesabiwa kuwa makubwa mno, walilalamika, na mpango huo ukasimamishwa ndani ya siku chache.

Kwenye mashirika ya nauli nafuu hali ni finyu zaidi, kwa sababu nauli ya chini kabisa hujumuisha tu kifurushi cha kuwekwa chini ya kiti cha mbele. Kwa miaka kadhaa Ryanair iliruhusu bure sentimita 40 kwa 25 kwa 20, ambazo ukizizidisha unapata lita 20 kamili, yaani ujazo wa ndoo moja ya maji tunayoijua sote. Mwaka 2025 ikaongeza upana hadi 30, na ndoo ikawa ya lita 24. Anayetaka kuingia na begi la magurudumu hulilipia. Sababu inayotolewa si ya uongo. Ndege ya Boeing 737-800 yenye viti 189 haina nafasi ya kabati kwa mabegi 189 ya magurudumu, na shirika linalotaka ndege itue, ishushe, ipakie na kuruka tena ndani ya dakika 25 haliwezi kuruhusu watu wasimame njiani wakisukumana kutafuta pa kuweka mizigo. Ninaikubali hoja hiyo kwa moyo mweupe, na kwa ajili hiyo hiyo nililipa mapema.

Hapa naomba nieleweke vizuri. Sikwenda langoni nikitumaini kupenya. Siku niliyonunua tiketi niliongeza yuro 24 ili niruhusiwe kuingia na begi la sentimita 55 kwa 40 kwa 20. Begi nilikuwa nimelinunua Kariakoo, na karatasi iliyobandikwa ndani yake ilitaja vipimo hivyo hivyo, 55 kwa 40 kwa 20. Ndani mlikuwa na nguo za siku kumi, doti tatu za kanga za dada yangu, binti wa mama mkubwa, anayeishi Hispania, na pakiti nne za kahawa ya Kagera. Nililipima uzito kwa mizani ya hoteli, likawa chini ya kilo 8.

Langoni walisimama wafanyakazi wawili kando ya fremu ya chuma ya kupimia mabegi, na kila abiria mwenye begi la magurudumu, awe amelipia au hakulipia, aliitwa alitumbukize. Kijana aliyenitangulia alikuwa na begi laini la mgongoni lililojaa hadi kufura. Alilisukuma kwa goti, likaingia, akapita. Langu ni la plastiki ngumu. Kiwiliwili chake kilizama vizuri, magurudumu yakagota kwenye ukingo. Nilitoa sweta na kitabu, nikajaribu tena, lakini magurudumu hayapungui kwa kutoa sweta. Nikamwuliza yule mfanyakazi begi limezidi kwa kiasi gani, akanijibu kwamba hahitaji kupima, kwani haliingii. Nikamwonyesha kwenye simu kwamba nimelilipia. Akasema nimelipia begi lenye kipimo, na hili halina kipimo hicho, kwa hiyo ada ni yuro 60 na begi litakwenda chini ya ndege. Nikauliza iwapo zile yuro 24 zitapunguzwa katika hizo 60. Hazipunguzwi.

Nyuma yangu alisimama mama mmoja mtu mzima ambaye alikuwa amenisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu. Nilimwamkia, akaitikia kwa lafudhi ya Mombasa, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, lipa tu upande. Hawa hawangoji mtu, na tiketi ya kesho ni ghali kuliko hilo begi." Alikuwa na haki. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano mlango ufungwe. Nikatoa kadi ya benki.

Jioni ile, nyumbani kwa dada, tuliazima futi ya fundi cherehani kwa jirani tukalipima begi mezani. Bila magurudumu lilikuwa na kina cha sentimita 20 kamili. Pamoja na magurudumu lilikuwa na 22. Karatasi ya dukani ilitaja kiwiliwili peke yake, na masharti ya shirika, niliporudi kuyasoma, yalisema wazi kwamba magurudumu, mikono na mifuko ya nje yote huhesabiwa. Kwa hiyo nakiri kwamba nilikosea kwa sentimita mbili, na kosa hilo ni langu pamoja na la mtengenezaji wa begi. Yeyote atakayenunua begi kwa ajili ya safari asiamini karatasi ya ndani. Aende na futi, aanze kupima sakafuni panapogusa gurudumu hadi ncha ya juu ya mkono ulioshushwa, na kina akipime panapochomoza zaidi. Begi la 50 kwa 35 kwa 20, yakihesabiwa magurudumu, linaingia katika vipimo vyote vya mashirika matatu niliyoyataja juu na pia katika kile nilichokilipia mimi.

Ninacholipinga shirika hili ni jinsi kosa dogo linavyopimwa, na nani analipima. Risiti niliyopewa iliandika jina langu, namba ya safari, yuro 60 na maneno "begi lililozidi". Haikuandika kipimo. Hapakuandikwa popote kwamba begi lilikuwa na sentimita 22, au 25, au 30, wala fremu yenyewe haikuwa na alama yoyote kwamba kuna mtu wa nje aliyethibitisha kwamba nafasi yake ni 20 kweli na si 19. Aliyepima, aliyeamua, aliyetoza na aliyepokea fedha ni mmoja, na ushahidi pekee uliobaki ni neno lake.

Sisi tunaotoka katika nchi ya wakulima tunaijua hali hii kwa jina. Mkulima wa viazi au vitunguu anayelazimishwa kujaza gunia hadi lifunikwe kilemba juu, lumbesa, anaambiwa kuwa hilo ndilo gunia moja, na anayemwambia hivyo ndiye anayenunua. Ndiyo maana sheria ya vipimo ya Tanzania inakataza kufungasha mazao kwa zaidi ya kilo 100, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya sokoni na kuipiga muhuri, ili muuza nyama na mnunuzi wake wote wawili wawe chini ya kipimo ambacho si cha mmoja wao. Fremu ya langoni inatoza fedha nyingi kuliko mizani ya buchani, na abiria aliye mbele yake hana muhuri wa kuutazama.

Jambo hili lina uzito zaidi pale anayepima anapofaidika na matokeo. Mwezi Julai 2025 mkuu wa Ryanair, Michael O'Leary, alieleza hadharani kwamba wafanyakazi wanaokamata mabegi yaliyozidi hulipwa bonasi ya yuro 1.50 kwa kila begi, na kwamba kuanzia Novemba ya mwaka huo ingepanda hadi yuro 2.50. Alieleza pia kwamba ada inayotozwa abiria inaweza kufika yuro 75, na akasema bila kuficha kwamba lengo ni kukomesha mabegi makubwa. Ninamheshimu kwa kusema waziwazi. Hata hivyo, mfanyakazi anayelipwa kwa kila begi analolikataa hawezi kuwa mwamuzi kati ya abiria na shirika, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Kisheria, Ulaya yenyewe haijalimaliza suala hili. Tarehe 18 Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililohusu shirika la Vueling, iliamua kwamba mashirika yana uhuru wa kutoza mizigo inayokwenda chini ya ndege, lakini ikasema kwamba begi la mkononi ni sehemu ya lazima ya kumsafirisha abiria na kwa hiyo halipaswi kutozwa ada ya ziada, mradi uzito na vipimo vyake ni vya kiasi na linakidhi masharti ya usalama. Maneno hayo, "vya kiasi", ndiyo yaliyozaa ugomvi wote uliofuata, kwa kuwa mahakama haikutaja sentimita. Mashirika yanasema ndoo ya lita 20 chini ya kiti ni kiasi cha kutosha. Hispania inasema sivyo. Novemba 2024 wizara yake inayosimamia haki za walaji ilitangaza faini za jumla ya yuro milioni 179 kwa mashirika matano, Ryanair peke yake ikipigwa zaidi ya milioni 107, na miongoni mwa sababu ilikuwa ni kutoza begi la mkononi. Mashirika hayo yamezipinga faini hizo. Mwezi Juni 2025 kamati ya uchukuzi ya Bunge la Ulaya ilipigia kura pendekezo la kumpa kila abiria, bila malipo, mkoba wa sentimita 40 kwa 30 kwa 15 pamoja na begi ambalo pande zake tatu zikijumlishwa hazizidi sentimita 100, lenye uzito usiozidi kilo 7. Begi langu, pamoja na magurudumu yake, lina jumla ya sentimita 117, kwa hiyo hata pendekezo hilo lisingeniokoa. Sitetei begi langu; ninatetea kipimo kinachoweza kuhojiwa.

Nyumbani nimewahi kunyang'anywa begi la mkononi mara nyingi kuliko Ulaya, na sijawahi kulalamika. Ndege za ATR 72 na Dash 8 zinazokwenda mikoani zina makabati madogo ya juu, na mara kadhaa mhudumu amelichukua begi langu chini ya ngazi, akalifunga kitambulisho cha karatasi, akanipa kipande, na nikalipokea nilipofika bila kulipa hata senti. Kwenye ndege ndogo za Cessna Caravan zinazovuka kwenda Zanzibar mtu huambiwa tangu anapokata tiketi kwamba kikomo ni kilo 15 pamoja na mkoba, na begi liwe laini. Kila mtu anaelewa, kwa sababu anaiona ndege yenyewe kwa macho yake na anaona mizani inayosomeka pande zote mbili. Katika safari yangu ya Hispania niliketi kiti cha nyuma kabisa, na kabati la juu yangu na lile lililofuata yalikuwa na nafasi ya mabegi mawili au matatu. Langu lilikuwa chini.

Kwa atakayechukuliwa begi langoni kama mimi, kuna mambo mawili ambayo mfanyakazi mwenye haraka hatayataja. La kwanza ni betri. Chaja za kubebeka na betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenda chini ya ndege kwa sababu zinaweza kushika moto mahali ambapo hakuna wa kuuzima. Zitoe, pamoja na dawa, pasipoti na fedha, kabla begi halijaondoka mkononi. Mimi niliikumbuka chaja yangu begi likiwa limekwisha kuvutwa, nikakimbia kuifuata. La pili ni kitambulisho. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unalitaka shirika likupe kitambulisho kwa kila mzigo lililoupokea, na tangu hapo mzigo ulio mikononi mwao uko chini ya dhamana yao kwa upana zaidi kuliko begi ulilobaki nalo, ambalo hulipwa tu ikithibitika kwamba shirika lilikosea. Kikomo cha fidia kwa safari za kimataifa, tangu mwishoni mwa Desemba 2024, ni vizio 1,519 vya SDR, sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takribani dola 2,000 za Marekani. Malalamiko ya mzigo ulioharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21. Kipande kile cha karatasi usikitupe hadi begi lifunguliwe nyumbani.

Bei nayo lazima itajwe kwa ukweli wake. Siku niliponunua tiketi ya yuro 31 niliona pia tiketi ya shirika la kawaida kwenye njia hiyo hiyo kwa yuro 98, ikiwa na begi la kilo 23 ndani yake. Niliiacha nikiamini kwamba yuro 55 zangu, kiti pamoja na begi, zilikuwa nafuu. Kwa yuro 115 nilizolipa mwishoni, ilikuwa ghali. Linganisha nauli za namna hii kwa kuweka kila upande begi utakalolibeba kweli, likiwa limepimwa na magurudumu yake, na ulilipie la chini tangu nyumbani kama kuna shaka hata ya sentimita moja. Katika shirika hili begi la kilo 20 lililolipiwa mapema lingenigharimu yuro 35.

Niliwaandikia malalamiko wiki ile ile. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja, likiwa ni aya tatu za masharti ambayo nilikuwa nimekwisha kuyasoma, pamoja na sentensi inayosema kwamba wafanyakazi wa langoni walitekeleza wajibu wao. Ninaipa huduma ya safari yenyewe nyota nne kati ya tano, na huduma ya begi la mkononi nyota moja. Nyota hiyo moja ni kwa sababu masharti yao, kwa anayeyasoma hadi mwisho, hayakudanganya kuhusu magurudumu.

Nimewaandikia tena. Safari hii sikuomba kurudishiwa yuro 60. Nimeomba mambo mawili: wanirudishie yuro 24 nilizolipia nafasi ya kabati ambayo sikuitumia, na wanitumie kwa maandishi kipimo cha begi langu kama kilivyosomwa langoni siku ile. Barua hiyo sasa ina wiki sita, na haijajibiwa.